Basma Asilale Tena Juu ya Tanuri

Kila asubuhi Inshirah alikanda kinyesi cha nyati wao wa kufugwa pamoja na makapi ya mpunga. Alikitandaza juu ya paa, viduara viduara, kikauke. Hizo ndizo zilikuwa kuni zao.

Ndani, chumba cha tanuri kilijaa masizi mpaka darini. Juu ya tanuri la mkate, penye kitanda cha udongo, bintiye Basma alilala akikohoa. Majira ya baridi ya mwaka jana, kaka yake Sabri alikohoa vivyo hivyo, palepale. Walimzika ngano ikiwa bado changa.

"Ongeza moto," alisema Hajati Zakiya, mama mkwe. "Kifua dawa yake joto. Sisi sote tumelelewa juu ya tanuri hili."

"Nimeongeza, mama. Anazidi."

"Basi hujaongeza."

Jirani yao Rawya, muuguzi wa zahanati, alikuja kuazima chekeche. Alisimama mlangoni, macho yakimtoka machozi.

"Mnaoka mkate au mnamkausha mtoto kama samaki?"

"Chunga mdomo wako, Rawya!" Hajati alifoka.

"Nikuudhi leo, Hajati, kuliko kuja kukupa pole kesho. Inshirah, mtoe huyo mtoto!"

Inshirah alimbeba Basma mpaka uani. Kifua kilipiga mluzi. Midomo ilikuwa ya kijivu.

"Moshi wa samadi una chembe ndogo, huzioni," Rawya alisema. "Zinaingia kifuani, zinakaa. Naye analala juu yake usiku kucha. Joto apate kwa blanketi. Twende hospitali, sasa hivi."

Basma alilazwa. Rawya alirudi jioni kuwaletea habari. Alimkuta Mitwali, mume wa Inshirah, ametoka shambani na uso umemshuka.

"Anapumua kwa mashine," alimwambia. "Akirudi, moshi huu asiukute."

"Na mkate tuuoke kwa dua?"

"Kwa gesi ya mtungi. Nje."

"Gesi ghali! Na shamba lenyewe linakula mbolea ya dukani gunia kwa gunia, halishibi."

"Litashibaje? Chakula chake mmekianika juu ya paa."

Mitwali alimkazia macho.

"Nyati anakula majani ya shamba lako," Rawya aliendelea. "Rutuba iliyotoka ardhini imo kwenye kinyesi chake. Ukikirudisha kikaoza, ardhi inakula, majani yanaota tena. Ni mzunguko. Nyinyi mnaukata kwa kiberiti. Nitrojeni, chakula kikuu cha majani, inapaa na moshi. Kisha mnamwaga ya dukani kupita kiasi, maji yanaisukuma mpaka mferejini."

"Ndiyo maana mfereji umekuwa kijani?"

"Ndiyo. Mwani unanenepa kwa mbolea yako. Ukifa na kuoza, unamaliza hewa ya majini, samaki wanaelea."

Kesho yake Mitwali alishusha samadi yote kutoka paani. Aliirundika kwa tabaka na mabua ya mpunga, akainyunyizia maji, akaifunika udongo. Kila baada ya wiki kadhaa aliigeuza. Ilipooza ikawa nyeusi na laini, haina harufu, aliirudisha shambani. Msimu ule majani ya nyati yalisimama kijani kibichi, na magunia ya dukani alinunua nusu tu.

Wakati huo Basma alikuwa amesharudi nyumbani, na mkate uliokwa nje kwa gesi. Alilala chumba cha mbali, chini ya blanketi mbili. Akikimbia, kifua bado kilipiga mluzi kidogo. Lakini alikimbia. Nyumba nyingine ziliendelea kuchoma samadi, na jioni moshi ulipotanda kijijini, Inshirah alifunga madirisha.

Siku moja alimkuta Hajati amekaa mbele ya tanuri lililopoa.

"Sabri nilimpandisha mimi hapa," Hajati alisema. "Kila usiku. Alikuwa akilia, hataki."

Inshirah alikaa kando yake. Alikuwa na maneno makali, ya mwaka mzima. Aliyameza.

"Moto niliwasha mimi, mama. Hatukujua."

Hajati alijifuta uso kwa ncha ya shela. Aliinuka, akachukua jembe la Mitwali, akakipiga kitanda cha udongo mpaka kikapasuka. Inshirah alileta karai, wakaanza kuzoa vifusi.