Bakuli Zizini kwa Deeqa

Jambo hili nililisikia kwa Deeqa mwenyewe, jirani yangu hapa Buna, siku tulipokuwa tumepanga foleni ya maji.

Mke mwenzake, Sado, alikuwa na mbwa mkubwa mweupe, aliyelelewa zizini tangu mdogo pamoja na watoto wa mbuzi. Fisi hawakuwahi kumchukulia Sado hata mbuzi mmoja. Kwa Deeqa walikuwa wamekula wanne. Alipomwomba amwazime huyo mbwa japo siku mbili, Sado alicheka.

"Abaayo, dada yangu, mbwa si mume. Huyu hatugawani zamu!"

Wivu ukamkaba Deeqa. Akaanza kumvutia mbwa kwake kwa siri. Kila baada ya magharibi aliacha bakuli la maziwa zizini kwake, na kila asubuhi alilikuta tupu.

Jioni ya saba alisubiri humo zizini, gizani. Akasikia hatua nzito, kisha ulimi ukilamba maziwa taratibu. Mbuzi hawakushtuka. Deeqa akanong'ona kwa furaha, "Kunywa. Wewe ni wangu sasa."

Ng'ambo ya ua wa miiba Sado akauliza, "Abaayo, unaongea na nani? Mbwa wangu nimemfunga hapa."

Na mbwa akabweka hukohuko kwa Sado.

Karibu na miguu ya Deeqa, ulimi uliendelea kulamba.

Asubuhi aliwakuta mbuzi wake wote wamelala wakizunguka mahali patupu, penye ukubwa wa mbwa. Hakumwambia Sado. Alikamua maziwa, akajaza bakuli, akaliweka pale katikati.