Kilio Kabla ya Kuoshwa

Colm alipoinuka kitandani alikolazwa ili apigwe picha, mkewe Sorcha alimpa chai. Akakiinamia kikombe. Mvuke ukapanda wima mbele ya pua yake, haukuyumba.

"Wewe, unapumua kweli?" Sorcha akamtania.

Colm akacheka, lakini kwa kuchelewa, kama aliyengoja kutafsiriwa utani.

Balaa hilo lililetwa na mdogo wake Colm, Fiachra, mpiga picha mwingi wa maneno, mchache wa haya. Gazeti la Dublin lilitaka picha ya mkesha wa maiti, ya kweli tupu, na huko kwao Connemara wiki ile hakufa mtu. Basi akamlaza kaka yake, akamfunika shuka, akamwita Bibi Gobnait, kipofu, mliaji wa misiba wa mwisho aliyebaki.

"Maiti ameshaoshwa?" bibi aliuliza mlangoni. "Kilio kikitangulia kuoshwa, mbwa wa shetani hufika wa kwanza."

"Ameoshwa, bibi," Fiachra akajibu.

Bibi akalia.

Tangu siku hiyo nyumba ikanuka mshumaa uliozimwa, na mchana kweupe kucha zikakwaruza paani, zikizunguka, zikinusa bomba la moshi, na zilipofika juu ya kiti cha Colm zilinyamaza, naye akainua uso taratibu kama mtu anayeitwa na watu wa kwao.

Sorcha akamleta Gobnait. Bibi alimgusa Colm mkono, akauachia upesi.

"Mmenifanya nimlilie mtu aliye hai na afya yake!" akanong'ona. "Kilichomwingia kimeingia kwa uongo. Fiachra, waambie hao wa gazeti yu hai, mliigiza. Kitatoka."

"Bibi, picha imeshateuliwa kwa tuzo…"

"Tuzo utavaa kichwani?"

Simu ya Fiachra ikaita. Alikuwa mhariri, na sauti yake ilisikika chumba kizima. "Kuna watu wanasema picha ni ya kupanga. Niambie mwenyewe: huyu mtu alikufa?"

Sorcha akamkamata shati. "Shemeji, nakuomba. Sema yu hai. Neno moja tu."

Fiachra akamtazama kaka yake, kisha akageukia dirisha.

"Alikufa," akasema. "Alikuwa kaka yangu."

Kucha zikakoma paani. Colm akasimama, akaenda chumbani, akapanda kitandani, akajikunjia mikono kifuani vizuri kuliko alivyokunjwa siku ya picha.

"Mjane," akamwita mkewe, kwa sauti ya upole ambayo haikuwa yake, "leta maji. Safari hii nioshwe kwanza."