Jina la Mtoto wa Nne

Soko la Badung halina adabu sikukuu ya Galungan ikikaribia. Kila mtu anasukuma, kila mtu ana haraka. Gede Wirawan, aliyetumwa na mama yake, alishika fungu la makuti machanga ya kupambia sadaka, na mkono mwingine ukalidaka fungu hilohilo.

"Achia, Bli," mwenye mkono alisema, akimwita kama wasichana wa Bali wanavyowaita vijana waliowazidi umri. Kisha akaviona vidole vyeusi vya Gede. "He! Hiyo piko? Bi harusi ni wewe?"

"Ni wino. Kazi yangu kufuta majina ya watu."

"Kumbe mchawi!"

"Karani wa mawakili. Ningekuwa mchawi ungeshaniachia makuti."

Msichana alicheka mpaka ua la manjano likamdondoka nywelini. Alivaa blauzi ya lesi na mshipi wa kijani uliombana kiuno vizuri, na Gede hakuwa kipofu. Jina lake Ni Ketut Pradnyani, mpiga chapa katika ofisi ya mthibitishaji wa hati. Makuti yakawa ya Ketut, namba ya simu ikawa ya Gede.

Mapenzi yakakolea. Wakawa wanakula nguruwe wa kubanika kila Jumapili, na simu haikupoa. "Umekula, Tut?" "Nimekula, mchawi wangu. Umenawa?" Gede akapanga kumposa baada ya mavuno. Halafu Ketut akaanza kunyamaza katikati ya maneno. Akiulizwa, jibu ni moja: "Kazi tu, Bli."

Siku moja Wakili Sagung, mama asiyependa mzaha, aliweka karatasi mezani kwa Gede. "Maelezo ya shahidi wetu, kesi ya mashamba ya mpunga. Mawakili wa upande wa pili wayasome, ila wasimjue shahidi mpaka siku ya kesi. Ukikosea, mwanangu, mtu ataumia."

Gede alisoma jina la shahidi. Ni Ketut Pradnyani.

Ketut alieleza kwamba alikwenda msibani kwa mzee mmoja mkulima, maiti ikiwa nyumbani kungojea siku njema ya kuchomwa. Watu walijaa. Nyuma ya pazia aliwaona bosi wake na mtu wa kampuni ya majumba ya watalii wakiinua mkono wa marehemu, wakalichovya dole gumba kwenye wino na kuligandamiza juu ya hati ya mauzo ya mashamba yake. Hati hiyo aliipiga chapa yeye mwenyewe.

Gede akafunika kwa wino jina, kijiji, umri na kazi. Akatoa fotokopi, akaiinua dirishani kwenye mwanga, akafunika tena, akatoa kopi nyingine. Sentensi moja aliiacha: "Mama mwenye msiba akaniita, 'Ketut, njoo unywe kahawa,' nikaondoka pale penye pazia." Tangu zamani ofisi ile haikuhangaika na majina yanayotaja tu mtu ni mtoto wa ngapi. Ketut ni jina la kila mtoto wa nne. Kisiwa kizima kimejaa akina Ketut. Ndivyo alivyofundishwa, na hakufikiri zaidi.

Jumapili wakala pamoja, kila mmoja akimficha mwenziwe jambo lilelile. Gede alifungwa na kiapo cha kazi, na Ketut alikatazwa na wakili asimwambie hata mama yake.

Jumanne mchana simu ya Gede ikalia.

"Bli, kuna pikipiki mbili langoni kwetu. Hawashuki." Alikuwa akinong'ona. "Wananiita. Wanasema, 'Ketut, njoo unywe kahawa.' Wanacheka."

Gede akaivuta fotokopi iliyobaki mezani.

"Maneno hayo niliyasema mahali pamoja tu. Ofisini kwenu. Umeniuza kwa bei gani, Gede?" Hakumwita Bli.

"Sikukuuza, Tut. Nililiacha jina. Nilidhani akina Ketut ni wengi."

"Wengi? Bibi zetu ndio waliozaa wanne! Tangu serikali ihubiri watoto wawili wanatosha, umeona Ketut kijana wapi? Msibani pale tulikuwa wawili, mimi na babu mmoja kipofu!" Akalia. "Heri ungeniuza. Ningejua namna ya kukuchukia."

Aibu ilimchoma Gede, lakini hofu iliizidi. "Nikuibe," alisema. "Leo. Tufuate desturi. Wazee wangu wataenda kwenu kusema binti kachukuliwa awe mke. Hakuna atakayeuliza umefichwa wapi."

"Unaniposa, au unalipa kosa?"

"Nilipanga kukuposa kabla ya kosa. Sasa yamechanganyika, Tut, siwezi kuyatenganisha."

"Pita mlango wa nyuma," Ketut alisema. "Na usidhani nimekusamehe."

Wakafichwa milimani Munduk, kwa mjomba wa Gede, kwenye chumba kilichonuka karafuu zilizoanikwa uani. Ketut alilala amempa mgongo. Gede alilala mlangoni, akishtuka kila injini ilipopanda mlima.

Mama yake Ketut akapiga simu, furaha imemjaa. "Wajumbe wamefika, mwanangu! Na wale rafiki zenu wa pikipiki nao wamekuja. Wanataka kujua mlipo, wawaletee zawadi."

"Ukawaambiaje, mama?"

"Niseme nini? Mwari aliyeibwa haulizwi alipo. Nimewafukuza, hawana malezi!"

Ketut aliweka simu chini, akacheka na kulia kwa pamoja. Gede akamsogelea.

"Tuvuke bahari, Tut. Tusishuke kwenye kesi. Wakili ataelewa."

"Na yule mzee? Walimshika mkono kama kijiko, Bli. Wanawe watalima wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kumwita Bli. Ketut akamshika vidole, akakilaza kichwa begani kwake, na usiku huo hakumpa mgongo.

Siku ya kesi wakashuka na gari la mjomba, Gede akiwa usukani. Ketut alivaa lesi nyeupe, nywele amezibana, midomo mikavu. Chini ya mlima, barabara inapoingia mjini, pikipiki mbili zilisimama kando, injini zinanguruma. Waendeshaji wakavaa helmeti. Mguu wa Gede ukaanza kuiachia pedali ya mafuta.

Ketut akaweka mkono juu ya goti lake, akaligandamiza.

"Usipunguze mwendo, mume wangu."