Mtoto Aliyetolewa Mbele ya Pango

Tafsut alinyamaza ghafla mno. Tangu watoke mjini Bejaia alikuwa akilia kwa sababu nyani wa barabarani alimpokonya mkate dirishani, na mtoto wa miaka minne akishaamua kulia hakuna wa kumzuia. Sasa alikuwa ametulia kiti cha nyuma, akiitabasamia nafasi tupu iliyokuwa kati yake na mdogo wake, Aksil, aliyelala.

"Alhamdulillahi," alisema Wardia, mama yao. "Umemfanyaje, Lyazid?"

"Nimembembeleza tu," mumewe alijibu, macho barabarani.

Uongo mtupu. Waliposimama ukingoni mwa bahari, Wardia alimpeleka Aksil kumwosha kwenye chemchemi, na Lyazid akaachwa na kile kilio huku jua la saa saba likimchoma utosi. Hasira hasara. Alifungua mlango wa gari uliokabili pango la hapo ufukweni, akapaza sauti: "Anayemtaka mtoto huyu na amchukue! Nimempa!" Maneno hayo mama yake mzazi asingeyatamka mbele ya pango, makao ya majini, hata kwa mzaha, na Lyazid alilelewa akilijua hilo. Mara sauti ya mwanamke ikamjibu kutoka pangoni, tamu, isiyo na haraka: "Nimekubali."

Alijiambia ni mwangwi. Lakini mwangwi hurudisha ulichosema, haujibu.

Barabara ile inapita katika milima iliyotobolewa. Walipoingia handaki la kwanza, gizani mle mtu alianza kuimba chinichini, wimbo wa kulaza mtoto, na harufu ya mwani uliooza ikajaa garini ingawa vioo vilikuwa vimefungwa. Walipotokea kwenye mwanga, Wardia aligeuka nyuma, akajiziba mdomo. Nywele za Tafsut, ambazo asubuhi ziligombana na kitana, zilikuwa zimesukwa vizuri mikia miwili, nayo ilichuruzika maji.

"Nani kakusuka, mwanangu?" alinong'ona.

"Mama."

"Mimi sijakusuka."

"Siyo wewe."

Hapo ndipo Lyazid alipopaswa kusema. Neno lilimfika kooni akalimeza, maana aliyaogopa macho ya mkewe kuliko huyo aliyekuwa kiti cha nyuma, na woga huo ulimtia aibu kuliko jambo lolote alilowahi kufanya. Handaki la pili likawameza, refu kuliko la kwanza, na taa za gari zikafifia zenyewe, na wimbo ukawa karibu zaidi, nyuma kabisa ya sikio lake, na kila pumzi ya mwimbaji ikamlowesha shingo kwa maji ya chumvi, huku Tafsut akicheka kile kicheko ambacho baba yake hakuwahi kumchekesha, na Wardia akisoma Ayatul Kursiyu, akikosea na kurudia, akikosea na kurudia.

"Tusimame Ziama," alisema Wardia walipotoka. "Kwa Shekhe Bouzid. Lyazid, usibishe."

"Nimebisha mimi?"

Shekhe Bouzid, imamu wa msikiti mdogo wa pale aliyezoea kuwasomea wagonjwa Kurani, alimkalisha Tafsut mkekani, akamwekea mkono kichwani, akasoma. Mikia ya nywele ilizidi kuchuruzika mpaka mkeka ukalowa. Kisha sauti ya mtu mzima ikatoka katika kinywa cha mtoto: "Shekhe, usinisomee kama mwizi. Mimi nilipewa."

"Na nani?" Wardia aliuliza.

"Muulize huyo anayetazama vidole vya miguu yake."

Lyazid aliinua uso. Akasema yote, mpaka lile neno la mwisho. Wardia hakupiga kelele. Alimsogeza Aksil mbali na baba yake, akamkumbatia kifuani.

"Ulimtoa mwanangu?" aliuliza polepole. "Kisha ukafunga mkanda, ukaendesha?"

"Nilikuwa na hasira tu, Wardia."

"Na mahandaki yote yale ulinyamaza!"

Shekhe alishusha pumzi. "Siwezi kumfukuza aliyekaribishwa. Wewe uliyetoa neno, lirudishe. Na mtoto aridhie, kwa kuwa ndiye aliyetolewa."

Lyazid alipiga magoti kwenye mkeka uliolowa. Machozi yalimtoka waziwazi, wala hakuyafuta. "Nalirudisha neno langu," alisema. "Mwanangu ni wangu, simpi mtu. Tafsut, nisamehe. Rudi kwetu, binti yangu."

Tafsut alimtazama baba yake, sasa kwa macho yake mwenyewe.

"Hutanipigia kelele tena?"

"Sitakupigia, wallahi."

Mtoto alifikiri. Wardia alikuwa mbele yake, mkono mmoja amemnyooshea, lakini Tafsut aligeuka upande wa pili, palipokuwa na ukuta mtupu uliotiririka maji, akauliza kwa upole:

"Eti, mama, nimwamini?"