Fundi Aliyeogopa Kupasuliwa Jicho

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Cherehani yake ilianza kulia asubuhi, na mdomo wake nao haukujua kupumzika. Lakini siku hizi alisogeza kitambaa hadi puani, na mkewe ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano.

"Taa ya chumba hiki imechoka," Fundi alilalamika.

"Taa ni mpya, mume wangu. Niliibadilisha juzi."

Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kuchukua koti lake. Alilivaa, akatoka nje juani, akarudi ndani.

"Fundi, niliomba koti la buluu."

"Na hilo je?"

"Mkono mmoja ni wa buluu. Huu mwingine mweusi."

Fundi alilishika koti, akaligeuza huku na huku. Aliona moshi mtupu. Maskini, aibu ilimshika! Sindano ndiyo iliyolisha nyumba ile. Macho yakienda, watakula nini?

Mama Mikate, jirani mwenye tanuri, alisikia yote dirishani. Yeye na Fundi walikuwa watani wa siku nyingi.

"Fundi, leo umeshona bendera!" alisema. Kisha akapunguza sauti. "Utani kando. Jumamosi njoo shuleni. Chama chetu kinaleta muuguzi wa macho."

"Mambo ya siasa siyataki."

"Siasa gani! Ni chama cha kujitolea. Mimi naoka mikate, mwenzangu ana gereji, mwingine ni mkunga mstaafu. Hatulipwi. Tunachangishana, tunaleta wataalamu, tunawapeleka wagonjwa hospitali, tunakusanya miwani."

"Siji ng'o! Nasikia jicho linatolewa, linasafishwa, kisha linarudishwa. Likianguka je?"

"Alaa! Jicho ni kifungo cha shati, useme litaanguka?"

Fundi alibisha hadi mkewe akaja juu. "Kama huendi kwa ajili yako, nenda kwa ajili yangu!" Basi, Jumamosi akaenda, shingo upande.

Muuguzi alimmulika macho taratibu.

"Baba, una mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ndani ya jicho mna lenzi, kama kioo kidogo. Lenzi zako zimeingia ukungu. Miwani haiuondoi, wala dawa za matone, wala asali."

"Asali nilishatia," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Usirudie, utaliumiza jicho. Tiba yake ni upasuaji. Jicho halitolewi hata kidogo. Daktari analitia ganzi, anaondoa lenzi yenye ukungu, anaweka nyingine safi. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo."

Mwenye gereji alimpeleka hospitali kwa gari lake, na jicho la kwanza likapasuliwa. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, Fundi alimtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Mke wangu, mvi hizi zimeota lini?"

"Zamani! Wewe ndiye hukuwa ukiniona."

Fundi alicheka, kisha akalia kwa furaha. Alitia matone kama alivyoagizwa, hakulisugua jicho, hakuinua mizigo. Baadaye jicho la pili nalo likatibiwa. Chama kikampa miwani ya kuonea vitu vya karibu, akarudi kwenye cherehani yake.

"Na wewe umepima?" alimuuliza mkewe.

"Mimi? Nani alikuwa anakutungia uzi?"

"Hata mimi nilijiona mzima. Twende."

Kliniki, muuguzi yuleyule alimpima mke wa Fundi, akapima tena.

"Mama, una presha ya jicho. Haiumi, ila inakula uwezo wa kuona kidogo kidogo, kuanzia pembeni. Kilichopotea hakirudi. Lakini tumeiwahi. Tia matone haya kila siku, usiache, na uje kliniki. Yatalinda macho yako."

"Kumbe ningengoja mpaka niumwe..."

"Ungechelewa, mama."

Wakarudi nyumbani kwa miguu. Fundi alimshika mkewe mkono kwa nguvu. Walipofika penye tanuri, alisimama.

"Mama Mikate! Chama chenu kina nafasi?"

"Ipo. Utafanya kazi gani?"

"Kuwafuata wabishi majumbani," alisema Fundi. "Lugha yao naijua."