Alama ya Chokaa

Kivuli kile hakikuwa na mwenyewe. Aminieli alikiona mchana kweupe, ofisini Arusha alikokuwa karani wa ramani, kwenye picha iliyopigwa na ndege ya jeshi: kivuli kirefu cha mtu kando ya alama ya chokaa, na mtu mwenyewe hayupo. Akapangusa lenzi kwa ncha ya tai. Alikuwa na tai moja, na kiburi cha kuwatosha wenye tai kumi.

Vita vilikuwa vimepamba moto. Kabla ya kwenda kupiga picha kisiwa cha Wajapani huko Pasifiki, marubani walijifunzia Mlima Meru, wakataka alama nyeupe ardhini. Aminieli, Mmeru aliyejiona keshakuwa nusu Mzungu, akawachagulia kiwanja cha matambiko cha ukoo wake mwenyewe. Akafyeka masale yaliyokizunguka, majani matakatifu ya kuombea msamaha, akamwambia kapteni ni magugu tu. Kapteni, asiyejua isale wala gugu, akampa sigara.

Majini na mizimu, Aminieli alipenda kusema, ni ya watu wa pwani. Lakini picha zilizofuata zilionyesha kivuli kwenye migomba, kisha kwenye njia ya Moshono, na ofisi ikaanza kunuka maziwa yaliyochacha. Moshono ndiko alikoishi na mkewe Eunike, mjamzito. Msomi wetu akaenda mbio kwa shangazi yake, Naeku.

"Chuma isale la bomani kwako ukamwombe msamaha mwenye kiwanja," Naeku alinong'ona. "La kwako, umesikia?"

Alisikia. Ila aliona haya kupita mjini na jani mkononi kama mshamba, basi akapanda kiwanjani mikono mitupu, akaokota isale kwenye rundo alilolifyeka mwenyewe, akalitupa juu ya chokaa na kurudi kazini.

Picha mpya zilipofika akainama kwenye lenzi, akakifuata kivuli toka njiani hadi kwenye kahawa, toka kwenye kahawa hadi kwenye bati aliloliezeka kwa majivuno, na pale mlangoni kilikuwa kimesimama, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikamjaa mdomoni, akatoka mbio bila kofia hadi nyumbani.

Eunike alikuwa ameketi nje juani, isale lililonyauka mkononi.

"Mgeni wako amelirudisha," alisema taratibu. "Anasema hili lilikuwa lake. Alitaka la kwako."

Aminieli akaapa atachuma mengine sasa hivi, boma zima.

"Hataki jani tena, baba. Anasema atangoja mtoto."

Akainuka kumpisha mumewe aingie, na pale miguuni pake vikainuka vivuli viwili.