Waliniita Muke wa Milisi

"Weye wa Bunia. Toka mu mustari."

Nilizani anaongea na mwengine...

Nilikuwa na kitunga cha chai mugongoni, vidole vyeusi juu ya majani. Tulikuwa Uganda, mashamba ya upande wa Hoima, musimu wa kuchuma ndiyo ulikuwa umeanza kunoga.

"Musoki. Njo naongea na weye. Weka kitunga chini."

Ni kapita Lionel, musimamizi wetu, mutu wa Aru. Nyuma yake walinzi wawili wa shamba. Mumoja alikuwa na bunduki.

"Nimefanya nini, kapita?"

"Bwana yako iko wapi?"

"Sina bwana. Niko na fianse tu, muchumba wangu, anaendesha taximoto kule Bunia."

"Habari tulizopata ni zingine. Bwana yako iko mu pori na milisi. Na weye ni muke wake, umekuya hapa kutupeleleza."

Wachumaji wote walisimama. Mama mumoja aliyekuwa karibu yangu akavuta kitunga chake, akaenda mbali na mimi.

Nyinyi munaosoma hapa na hamujawahi kuishi Ituri, mujue kitu kimoja. Milisi ni vikundi vya bunduki vya mu pori; kwetu kuitwa muke wao si tusi tu. Mutu anaweza kufa juu ya hilo neno mbele hajafungua mudomo kujitetea.

Nikaweka kitunga chini.

"Nani amesema hivyo?"

"Mutu anayekujua muzuri."

Sasa niambieni... pale shambani, nani alikuwa ananijua muzuri?

Ni mumoja tu. Bibiane.

Bibiane ni rafiki yangu tangu primaire, shule ya musingi. Siye wote tulikulia Nyakasanza, mule Bunia, tulipata diplome mwaka mumoja, tukazunguka ofisi za Bunia pamoja mpaka viatu vikaisha. Ni yeye alisikia kama Uganda wanatafuta watu wa kuchuma chai. Tulivuka mupaka pamoja upande wa Mahagi, kule kambini tukalala kitanda kimoja.

Nikamugeukia.

"Bibi, sema kitu. Waambie."

Bibiane aliangalia chini. Hakusema hata neno moja.

Ile kimya yake... iliniuma kuliko ile bunduki.

Walinifungia mu stoo ya mbolea. Kesho yake wakanipeleka mpaka kwenye mupaka, askari wakaniuliza maswali hadi sauti ikakauka, kisha wakaniambia rudi kwenu na usionekane tena huku.

Bibiane alibakia. Akaendelea kuchuma.

Nilifika Bunia na nguo nilizovaa tu. Mama alitoka jikoni na unga kwenye mikono.

"Musoki? Mbona mapema hivi?"

"Kampani imepunguza watu, mama."

Njo uwongo niliouchagua. Niliogopa. Hilo neno likivuka mupaka, likiingia mu quartier, mutaa yetu, tungehama wote. Sikumwambia mama. Sikumwambia pasta. Hata fianse yangu, Fulgence, nilimwambia vilevile... kampani imepunguza watu.

Fulgence alikuwa muzuri kwangu, nisiseme uwongo. Siku niliyoondoka alinisindikiza mpaka parking ya mabasi, akanishika mikono miwili akaomba Mungu anilinde. Siku niliporudi alikuya na mukate na maziwa, akakaa karibu yangu, akanipanguza machozi na leso yake.

"Ni Mungu amekurudisha, cherie."

"Nilikuwa napenda ile kazi, Fulgence."

"Kazi ya kulala mu makambi ni ya nini? Na Bibiane, yeye alibakia?"

"Alibakia."

Akatikisa kichwa.

"Unaona marafiki wa siku hizi..."

Usiku huo Bibiane alipiga. Sikuchukua. Akapiga tena. Nikamubloke. Moyo wangu ulikuwa umeshakata kesi.

Fulgence naye akaanza haraka ya ndoa. Kila siku, tungoje nini? Nilichoka, sikuwa na kazi, sikuwa na rafiki... nikakubali.

Familia yake ikakuya kwetu siku ya Mungu, Jumapili, saa za muchana, kujitambulisha na kuongelea mahari. Baba yake, mashangazi, yeye mwenyewe na shati nyeupe. Kwetu aliyeongea ni baba mudogo Kamate, alitoka Butembo juu ya shuguli hiyo tu, kwa sababu papa yangu alishafariki.

Mazungumuzo yalienda muzuri. Watu wakacheka. Kisha baba mudogo akauliza:

"Mukwe, huyu mutoto wetu anapendaka kutafuta kazi. Musimu ukirudi, utamuachilia aende?"

Fulgence akacheka.

"Baba mudogo, aende wapi tena? Kule walimwita muke wa milisi mbele ya watu wote? Mimi nilimupokea na ile haya yake."

Mama alikuwa ameshika plato, sinia ya soda. Akasimama katikati ya salon, mbele ya wageni.

"Walimwita nini?"

Mimi nikasimama.

"Fulgence," nikasema, "hiyo nani alikuambia?"

"Si weye?"

"Mimi sikukuambia. Hata mama ndiyo anasikia sasa."

Akaangalia baba yake.

"Basi... ni Bibiane. Bibiane alinipigia."

Watu wote wananiangalia. Nikachukua telefone, nikamufungulia Bibiane, nikapiga, nikaweka sauti ya juu. Iliita kidogo tu.

"Musoki?" Sauti yake ilikuwa ya mutu anayeogopa kama nitakata telefone. "Kweli ni weye?"

"Bibi, uliongea na Fulgence mambo ya shambani?"

"Mimi? Na Fulgence? Kumbe haujui... Kapita alinisikilizisha ile audio alitumiwa. Ni juu ya ile nilikuwa nakutafuta. Ngoja."

Audio ikaingia. Nikaifungua mbele ya baba yake, mbele ya mama yangu.

Ni sauti ya Fulgence. Tena ametulia kabisa, sawa mutu anayeagiza chakula.

"Kapita, huyo Musoki mumurudishe. Bwana yake iko mu pori na milisi, anawapeleleza. Nawasaidia tu."

Namba ya kapita niliiachaka mu telefone ya mama, kama kutakuwa shida. Fulgence njo aliitoa mule.

"Kwa nini?" Njo neno moja tu lilitoka.

"Nilitaka urudi. Wasichana wakivuka mupaka hawarudiake. Nilifanya juu ya upendo, Musoki."

Baba mudogo Kamate aliongea polepole.

"Mulinzi wa shamba angemupiga risasi, mwanangu, huo upendo ungemurudisha mu sanduku ya maiti?"

Fulgence alifungua mudomo, lakini baba yake ndiye alisimama. Muzee wa watu. Akachukua kofia yake mezani.

"Tuende," aliambia watu wake. "Hapa hatuna neno tena."

Walipotoka nilirudi kwa telefone. Bibiane alikuwa bado anangoja.

"Siku ile kwa nini ulinyamaza?"

"Mulinzi aliniambia nikifungua mudomo tunafungwa wote. Niliogopa. Nilipochukua audio nikakupigia, nikakupigia... weye ukanifungia."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Lakini ulikaa muda wote huo bila kuniuliza hata swali moja. Hiyo nayo itanikaa."

Ni kweli. Inamukaa mpaka leo. Bibiane alieleza kapita, naye aliambia watu na askari wa mupaka ukweli, lakini lile shamba halinitaki tena, neno likishatembea halirudi. Siye wawili tumepata kazi mahali pengine, upande wa Bundibugyo, kuvuna kakao. Tuko njiani sasa ninapoandika. Bibiane amelala kwenye kiti cha mbele, si karibu yangu kama zamani.

Wadada, wakaka, munaotafuta maisha nje... muogope mupaka, sawa. Muogope makapita. Lakini mutu akikuambia anakupenda, muangalie anafanya nini siku mulango wako unafunguka. Na rafiki akinyamaza, mbele ya kumuhukumu, muulize.

Mimi sikuuliza.